Mwaka Ambao Kiitikio Hakwenda

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Unaweza kujaribu, ukalitandaza mezani, ukalizunguka kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, lakini mwisho litakaa upande na muuguzi wa wodini atalirudisha. Linataka watu wawili. Mmoja anashika pembe zake huku, mwenzake anashika kule, wanalivuta mpaka likaze, kisha wanatembea kukutana, pembe juu ya pembe, huyu anaachia, yule anapokea, wanarudi nyuma tena. Ukiwatazama kutoka mlangoni utadhani ni watu wazima wanaocheza dansi huku wakiomba wasionekane wanacheza.

Mwanamke wa habari hii amekunja mashuka ya hospitali moja tangu akiwa msichana. Jina lake la kwenye kitambulisho halitumiwi na mtu. Hata yeye mwenyewe akiitwa hivyo benki, huchelewa kugeuka. Wote humwita Kiitikio, kwa ajili ya kazi yake ya pili, ambayo ndiyo iliyompa furaha na ndiyo iliyokuja kumtia majonzi. Mwimbaji akiimba, yeye husimama nyuma yake, kwenye bega la kushoto, na kupokea. Ana sauti pana, ya chini kidogo, isiyojitangaza, sauti ya kuwekea vitu juu yake kama meza. Zamani waliwahi kumweka mbele aimbe peke yake. Akafika mahali pa kuitikiwa, akangoja, hakuna aliyeitikia, akanyamaza hapohapo na kushuka jukwaani taratibu kama mtu aliyepanda gari siyo lake. Tangu siku hiyo hakutaka mbele tena, wala hakuona kwamba amepungukiwa na kitu.

Sasa tuje kwenye mashindano. Kuna mashindano ya nyimbo ya mataifa, kila mwaka katika mji mwingine. Kila nchi hupeleka wimbo mmoja, waamuzi hutoa alama, na mwishoni majina ya nchi hupangwa kwenye ubao kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nchi ya Kiitikio haijakosa hata mwaka mmoja tangu ikubaliwe kujiunga, na rekodi yake ni ya mkiani. Si kila mwaka, tusiwazulie watu. Ipo miaka walikuwa wa pili kutoka mwisho. Na upo mwaka mmoja walikuwa wa tatu kutoka mwisho, kwa kuwa nchi mbili zilipitisha muda jukwaani zikafutiwa alama. Mwaka huo watu walipigiana simu kupongezana.

Wenyewe walishaigeuza rekodi hiyo kuwa mzaha. Mtu akichelewa kazini anaambiwa ameiwakilisha nchi. Mtoto akiwa wa mwisho darasani, baba yake husema basi tumnunulie gitaa. Mzee wa Pasi, mwanamume anayeendesha ile mashine kubwa ya kupigia pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikuwa na yake: kwamba nchi haiendi kushindana, inakwenda kuzima taa na kufunga mlango, na kila shughuli kubwa lazima awepo mtu wa kuzima taa.

Lakini mzaha huo ulikuwa wa mdomoni tu. Siku ya matokeo watu hukaa mbele ya televisheni shingo zimewatoka, wakiomba kimoyomoyo. Na ubao ukishawekwa, huzima televisheni bila kutazamana na kwenda kuanua nguo, hata kama nguo hazijakauka.

Katika miaka yote hiyo waimbaji walibadilika. Yuko aliyerudi akaacha muziki akafungua duka la vipuri. Yuko aliyehama mtaa kwa sababu watoto walikuwa wakimwimbia wimbo wake mwenyewe akipita. Watunzi nao walibadilika: mara wimbo wa mapenzi, mara wa amani, na mara moja wimbo wa maji safi, ulioandikwa na kamati nzima na ukasikika kama ulioandikwa na kamati nzima. Nguo zilibadilishwa, wapiga ngoma walibadilishwa. Aliyebaki palepale, bega la kushoto, ni Kiitikio, na yeye aliona hiyo ni heshima. Kila mwaka aliomba ruhusa kazini, akateremsha begi lake la kahawia kutoka juu ya kabati, akaenda, akaitikia, akarudi na ile aibu pamoja na wenzake, na Jumatatu alikuwa kwenye mashuka.

Alikuwa na jambo moja ambalo waimbaji wote waliopita, hata wale wasiomwamkia leo, wanalikumbuka. Jukwaani kule taa ni kali na vyombo vinapigwa kwa nguvu hata mwimbaji haisikii sauti yake mwenyewe. Moyo unamwenda mbio, anasahau kupumua. Basi kabla ya kufika kwenye kiitikio, yeye humgonga mwimbaji kiunoni kwa kidole, mara mbili, nyuma, pasipoonwa na kamera. Maana yake: vuta pumzi, nipo.

Desturi hiyo aliitoa kwenye mashuka, na wa kwanza kugongwa hakuwa mwimbaji bali mtoto mdogo. Mdogo wake Kiitikio, wa tumbo moja, ni msusi mwenye kibanda karibu na geti la hospitali. Alijifungua binti, na mumewe akasafiri safari ambayo mpaka leo hajarudi, kwa hiyo mtoto akawa wa wote wawili. Asubuhi wa msusi, mchana akitoka shule wa chumba cha kufulia. Alikuwa na mdomo usiofunga, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Ili apate amani, mama yake mkubwa alimpa pembe mbili za shuka. Tukiachana vuta pumzi, alimwambia, tukikutana imba. Akikosea, anagongwa kiunoni mara mbili. Walikunja hivyo miaka na miaka, mpaka Mzee wa Pasi akadai kwamba wagonjwa wa hospitali ile wanalalia nyimbo bila kujua, na ndiyo sababu wakiruhusiwa hawataki kwenda nyumbani.

Chiriku akawa mkubwa, na sauti ikawa kubwa kuliko yeye. Mwaka mmoja akajitokeza kwenye mchujo na akawaacha wenzake mbali. Yeye ndiye atakayekwenda. Kiitikio alisikia habari hiyo akiwa ameshika ndoo ya sabuni, akaiweka chini kwa uangalifu, akakaa juu yake. Jioni aliteremsha begi la kahawia akalipangusa vumbi.

Wiki ileile, kwenye redio, mtangazaji wa asubuhi akaamua kuisoma rekodi ya nchi, mwaka baada ya mwaka, kwa kicheko. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Akasema tumebadilisha mwimbaji, tumebadilisha mtunzi, tumebadilisha mpaka nguo, je, kipo kitu ambacho hatujakibadilisha? Akakaribisha simu. Wa kwanza alisema waamuzi. Wa pili alisema hali ya hewa. Wa tatu, mwanamke mwenye sauti ya upole kabisa, akasema: yule mama anayesimama nyuma.

Redio ilikuwa juu ya kabati la sabuni. Mzee wa Pasi alitaka kuizima, lakini shuka lilikuwa limeshaingia kwenye mashine na mikono yake ilikuwa imelishika, na mashine ile haina subira; ukiachia, inakunja nguo na kuiunguza. Kwa hiyo walisikiliza wote mpaka mwisho. Mpigaji mwingine akasema kweli bwana, yule mama yumo kila mwaka. Mwingine akataja nuksi. Mtangazaji akacheka, akasema hapana jamani tusifike huko, kisha akaendelea kukaa hukohuko mpaka wakati wa taarifa ya habari.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwambia kitu, na huko kutoambiwa ndiko kulikomwambia. Muuza mboga aliyezoea kumtania alimpa mboga bila utani. Wauguzi waliokuwa wakimuuliza safari lini hawakuuliza. Siku moja akaja katibu wa kamati ya mashindano, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akaketi ukingoni mwa kikapu cha nguo chafu kwa kuwa hakukuwa na kiti. Hakutaja nuksi. Alitaja damu changa. Alitaja mwelekeo mpya, akataja na mwonekano wa jukwaani, akanywa chai yote aliyopewa, kisha akafika alikokuwa akienda: kamati haitaki kumlazimisha mtu, tena haiwezi, maana Chiriku amewaambia waziwazi kwamba bila mama yake mkubwa hapandi jukwaani. Kwa hiyo wanamwachia yeye mwenyewe, mama mtu mzima, apime.

Kiitikio akapima, na kwanza alipima kwa hasira. Miaka yote ile alipokuwa akienda hawakuona mwonekano? Yeye anajua nyimbo zilishindwa kwa sababu gani. Ule wa maji safi ulishindwa kabla haujaimbwa. Mwingine ulianza juu mno, mwingine mwimbaji alikuwa na mafua. Mtu mwenye akili zake hawezi kusema mkosi unakaa kwenye bega la mtu. Akaazimia atakwenda, na watakaotaka kusema waseme.

Angekwenda, kama mdogo wake asingekuja.

Alikuja jioni na chanuo. Alipokuwa na neno zito alikuwa hawezi kulisema usoni. Alimkalisha dada yake chini, akakaa kitandani nyuma yake, akaanza kumchana. Akachana kimya upande mmoja wa kichwa.

"Dada," akasema, "mimi mambo haya siyaamini."

"Najua."

"Wewe mwenyewe unajua siyaamini."

"Nimesikia. Sasa sema unachokiamini."

Chanuo likasimama. "Naamini wakishika mkia tena, safari hii hawatasema ni wewe peke yako. Watasema ni damu, ni mtu na mtoto wa nduguye. Wewe una mashuka yako, dada. Yeye ana nini?"

Mdogo wake alikuwa akilia bila sauti, Kiitikio alijua kwa jinsi chanuo lilivyotetemeka. Alimwambia amalizie nywele, kwa sababu hata kama mtu anaacha kila kitu hawezi kutoka nje kichwa nusu.

Kesho yake alikwenda kazini kafunga kitambaa shingoni, akazungumza kwa kunong'ona. Koo limeharibika, alisema, daktari amemkataza kuimba kwa muda. Kunong'ona ndani ya chumba chenye mashine nne za kufulia ni kazi ya kichekesho. Kila alichosema, Mzee wa Pasi aliitika "Nini?" na yeye akirudia, na "Nini?" tena, mpaka siku moja uzalendo ukamshinda akamfokea kwa sauti kamili kwamba ameulizia sabuni tu, na kisha akashika shingo haraka. Mzee wa Pasi akageukia mashine yake akasema hajasikia kitu.

Chiriku alipoambiwa alikuja mbio. Akataka kujua ni daktari gani. Kiitikio akanong'ona, wa koo. Hapo alikuwa amejitia mtegoni, kwa kuwa hospitali nzima ilijua daktari wa koo yuko likizo. Mzee wa Pasi, bila kugeuka, akasema Kiitikio alimwona kabla hajaondoka. Chiriku akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Machozi yakamlengalenga, lakini hakubishana.

"Nani atanigonga?" aliuliza.

"Utajikumbusha mwenyewe."

"Basi utanitazama. Wimbo mzima, mama mkubwa, usipepese. Niahidi."

"Nitakutazama," alisema Kiitikio, na wakati anasema alikuwa na maana hiyohiyo.

Mashindano yalionyeshwa hapa siku ya Jumamosi alasiri, kwa sababu ya tofauti ya saa. Nyumbani kwa msusi walijaa. Viti vya kibandani vililetwa, na waliokosa viti wakakaa sakafuni. Kiitikio alipewa kiti kizuri karibu na dirisha, na alijipangia macho yake kama alivyoahidi. Nchi moja iliimba, na nyingine, na nyingine. Msusi alikuwa akitembea na birika akijaza vikombe vilivyojaa.

Ilipobaki nchi moja kabla ya ile yao, umeme ukakonyeza. Picha ikapotea, taa ya ukutani ikafifia. Haukuwa hata muda wa kumaliza kupiga chafya. Lakini katika muda huo, wote waliokuwa chumbani, bila kuambizana na pengine bila kutaka, waligeuza vichwa wakamtazama Kiitikio. Hata mdogo wake, birika mkononi. Kisha picha ikarudi, na wote wakageuka tena mbele kwa haraka, kila mmoja akijifanya alikuwa akitazama dirisha.

Yeye aliona sura zile zote. Hazikuwa na chuki. Zilikuwa na hofu na ombi, kama za watu wanaomtazama mtu aliyekanyaga mpira wa maji wanayoyangoja. Akaona kwamba akibaki, kila atakachokifanya Chiriku kitapita kwanza katika chumba hiki, juu ya mabega haya yaliyokakamaa. Na chini ya hayo, mahali asipotaka kutazama, akajikuta anauliza: na kama ni kweli?

Akasimama. Akasema, tena kwa sauti yake kamili, kwamba ameacha mashine inazunguka kazini. Hakuna aliyemzuia. Mtu mmoja alivuta miguu yake ili apite.

Chumba cha kufulia kilikuwa kimefungwa nusu, Jumamosi alasiri hufanya kazi mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekwenda kutazama televisheni ya wodini. Kiitikio aliwasha mashine zote nne, mbili kati ya hizo hazikuwa na nguo ndani. Akawasha na ile ya kukamulia, inayotetemesha ukuta. Akakaa kwenye rundo la mablanketi, kitambaa mdomoni. Alikikaza kwa mikono miwili, kwa sababu alijijua; wimbo ule aliufanyia mazoezi na mtoto tangu ukiwa maneno tu, alijua kila pumzi yake, na mahali pa kiitikio pakifika koo lake lingeitikia lenyewe hata asiposikia kitu. Na akiitikia kutoka huku? Ikifika? Mtu mzima, mfuaji wa hospitali kuu, alikaa katikati ya kelele anajiziba mdomo asije akaiangusha nchi kutoka mbali. Baadaye alikuja kuona haya kwa hilo kuliko kwa jambo lolote jingine maishani mwake. Wakati ule hakuona haya. Aliogopa tu.

Mashine zilipomaliza mzunguko, zikasimama moja baada ya moja. Hapo akasikia honi za magari, na wodi ya wanaume inagonga vitanda, na mtu anakimbia kwenye baraza akipiga kelele kwamba wa nne. Wa nne! Nchi ambayo haijawahi kuliona hata eneo la katikati la ubao.

Kiitikio alisimama, akainua mikono juu, peke yake mle ndani, akacheka mpaka akalia. Mtoto ameweza. Furaha hiyo ilikuwa safi na hakuna mtu anayeweza kumnyang'anya. Ila ilikaa peke yake muda mfupi sana, kisha ile nyingine ikaingia bila kubisha hodi: wameondoa mtu mmoja, na tazama.

Siku zilizofuata watu walimshukuru. Hilo ndilo hakulitarajia. Angejua afanye nini na matusi. Lakini muuza mboga alimpa mkono kwa heshima, akamwambia mama, umefanya jambo kubwa kukaa pembeni, wengine wangeng'ang'ania. Mlinzi wa getini alimpigia saluti. Muuguzi mkuu, msomi mzima, alimwambia hospitali inajivunia moyo wake wa kujitolea. Wote walisema kwa nia njema, macho meupe, na kila mmoja aliondoka akijiona ametenda wema. Aliwajibu asante. Jioni mikono ilikuwa mizito kama ya mtu aliyefua kwa mkono kutwa.

Siku moja akirudi nyumbani aliwakuta watoto wa mtaani wanacheza. Walikuwa wamejipanga mstari, wanauimba ule wimbo, na kila walipokaribia kiitikio walipeleka mkono nyuma wakajigonga kiunoni. Mara mbili. Kisha wakavuta pumzi kwa madoido, mabega juu, na kuimba.

Aliwauliza wanafanya nini.

"Mtindo wa Chiriku, bibi," alisema mmoja wao, akishangaa kwamba yupo mtu asiyejua. "Alifanya vile kila mara kabla ya kiitikio. Hukuona?"

Watoto wakaendelea kucheza. Kiitikio aliwatazama mpaka wakaitwa majumbani mwao. Nchi nzima ilikuwa imeona ujumbe ule, ikadhani ni mtindo wa kucheza. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kuuelewa, na mtu huyo alikuwa amekaa juu ya mablanketi kaziba mdomo.

Chiriku alirudi nchini, akapokewa kwa maua na hotuba. Siku ya pili katibu alikuwa anampeleka kwenye hafla nyingine, Chiriku akamwomba asimamishe gari hospitali kidogo tu. Aliingia kwa mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia, mlango aliokuwa akiuingia na mkoba wa shule. Alikuwa amevaa nguo ya kung'aa na bangili nyingi.

"Shikamoo, mama mkubwa. Shikamoo, Mzee wa Pasi."

Wakaitikia marahaba, wakakumbatiana, wakashikana mikono na kutazamana. Kisha Chiriku akauliza kitu kimoja tu, si kuhusu nafasi ya nne wala zawadi.

"Uliniona?"

Kiitikio alikuwa na jibu tayari, alilitayarisha tangu jioni ile ya watoto. "Nilikuona," akasema. "Ulijigonga kiunoni. Mara mbili."

Uso wa msichana ukafunguka wote. "Nilijua. Mama aliniambia kwenye simu eti ulitoka kabla sijaimba. Nikamwambia haiwezekani, mama mkubwa aliniahidi. Nilipokuwa kule juu sikusikia kitu, taa tu. Nikajigonga, nikasema ananiona, sasa hivi ananiona."

Mzee wa Pasi alikuwa anaitazama mashine yake kana kwamba ndiyo kwanza ameletewa. Kiitikio alitaka liishie hapo. Lingeweza kuishia hapo, hakuna ambaye lingemdhuru. Lakini uso ule ulikuwa bado umefunguka mbele yake, na yeye aliona hawezi kuendelea kuutazama.

"Mama yako hakukudanganya," akasema. "Nilitoka. Watoto wa mtaani ndio walionionyesha ulichofanya. Na koo langu halikuwa na kitu."

"La koo nilijua," Chiriku akasema polepole. "Mtu mwenye koo bovu hamfokei Mzee wa Pasi, nilikuwa mlangoni siku ile. Nikasema anafanya hivi ili mimi niende bila maneno ya watu, nikakubali. Lakini kunitazama, mama mkubwa? Kunitazama kulikuwa na ubaya gani?"

"Umeme ulikatika kidogo. Wakanigeukia wote. Nikaona nikibaki..."

"Ukibaki nini?"

Hakumalizia. Chiriku alingoja, kisha uso wake ukafungika taratibu.

"Kumbe na wewe uliamini," akasema.

Mtangazaji wa redio alimcheka mbele ya nchi nzima, na Kiitikio alistahimili. Alistahimili maneno ya damu changa, alistahimili na chanuo la mdogo wake. Hili hakuwa na pa kuliweka. Alifikiri juu ya ile rekodi, miaka yote mkiani, na sasa mwaka mmoja nafasi ya nne; na kila atakayeisoma baadaye atauliza mwaka ule kilibadilika nini, naye atajibiwa. Hata Chiriku akiimba miaka ishirini na kueleza kwamba wimbo ulikuwa mzuri na alikuwa na afya, atajibiwa vilevile. Yeye alikuwa mfuaji. Alijua madoa yanayotoka na madoa ambayo unayafua tu kwa sababu ndiyo kazi yako.

Nje, katibu akapiga honi.

Chiriku hakuondoka. Alivua bangili moja moja akaziweka juu ya kabati la sabuni. Akavuta shuka kutoka kwenye toroli, akashika pembe zake mbili, akamnyooshea mama yake mkubwa zile nyingine. Hakutabasamu. Kiitikio akazipokea. Wakarudi nyuma, shuka likakaza, na Chiriku akaanza ule wimbo, kwa sauti ya chini, ya chumbani. Wakatembea kukutana. Wakaachana. Mzee wa Pasi akazima mashine.

Walipofika mahali pa kiitikio Chiriku akanyamaza. Pembe zilikuwa zimegusana, wamesimama uso kwa uso. Mikono ya wote wawili ilikuwa imejaa shuka, hakukuwa na wa kumgonga mwenzake. Alingoja. Kiitikio akafungua mdomo, pasitoke kitu, akaufunga. Honi ikapigwa tena, ndefu. Chiriku akaendelea kungoja, macho hayapepesi.

Sauti ikatoka. Ilichelewa sana, tena ilikuwa nzito kama nguo inayonyanyuliwa kwenye maji, na mwanzoni haikuwa mahali pake. Ikatafuta, ikapaona.

Shuka lile lilikaa upande. Kesho yake muuguzi alilirudisha.